Kutoka Voi hadi Mzima: wenzetu wa Kajiado wanavyolinda nyasi na maji

Ranchi yetu iko Taita Taveta, ubavuni mwa Tsavo. Tuna malambo mawili, na kila lambo limezungukwa na ardhi tupu ambayo hata mwezi mmoja baada ya mvua hupati jani la kumpa ndama. Kwenye mkutano wa wanahisa wengi walitaka lichimbwe lambo la tatu. Wachache tukasema kwanza tuandike mpango: ng'ombe walishwe wapi na lini, na maji yafunguliwe wapi na lini. Ikaamuliwa niende Kajiado kusini nikaone wenzetu wafugaji wanafanyaje, nirudi na maelezo ya kuwasomea. Haya ndiyo maelezo yenyewe. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, watu wote wakiingojea vuli.

Jumatatu. Voi hadi Kiboko

Nilipanda basi la Nairobi asubuhi na mapema, nikashuka Kiboko, mbele kidogo ya Makindu. Njia nzima migunga haikuwa na jani, na mbuzi walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma kando ya barabara wakitafuta cha kuchuma juu.

Nilianzia Kiboko kwa sababu ya mbegu. Hapo ndipo KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, lina taasisi yake ya nyanda kame, na kwa miaka mingi wamekuwa wakichambua nyasi za asili zinazostahimili ukame wa kwetu: *Cenchrus ciliaris*, *Eragrostis superba*, *Enteropogon macrostachyus*, *Chloris roxburghiana*. Wakamba wa hapo wana majina yao, ndata kivumbu, mbeetua, kilili, na walizijua kabla ya mtafiti yeyote kufika.

Mtaalamu aliyenipokea alichota mbegu gunia moja, akazisugua kiganjani, akapuliza. Makapi yote yakaruka. Zikabaki punje chache, ndogo kuliko kichwa cha pini, rangi ya asali. "Hizi ndizo mbegu," akasema. "Ukinunua kilo ya manyoya, umenunua manyoya." Tangu hapo kila nilikopelekwa nilisugua na kupuliza.

Kuna jambo jingine ambalo wafugaji wengi hatulijui. Mbegu mbichi ya nyasi hizi hulala. Ukiivuna leo ukaipanda mwezi ujao, nyingi haitaota hata mvua ikinyesha vizuri. Inataka ikae ghalani nusu mwaka au zaidi, pakavu, penye hewa. Mtu hupanda mapema, akaona shamba tupu, akailaumu mvua. Kiasi wanachoshauri ni kama kilo 5 za mbegu safi kwa hekta, zikifukiwa juujuu tu kwenye mifereji midogo, maana ukizizika ndani umezizika kweli.

Nilipouliza bei, aliniuliza kwanza nani atazuia ng'ombe. Shamba lililopandwa upya halitakiwi kuguswa mpaka nyasi zitoe mbegu na zidondoke. Kama hakuna mtu wa kusimama hapo mwaka mzima, alisema, hela hiyo afadhali nikanunulie chumvi ya mifugo.

Jumanne. Kiboko, Emali, Mbirikani, Kimana

Nilisonga mbele hadi Emali, nikapanda matatu ya Loitokitok. Lami ni nzuri, na baada ya muda Kilimanjaro ukatokea upande wa kulia wa dereva, juu ya mawingu.

Mwenye mifugo asisinzie kwenye barabara hii. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamasai wa Kajiado ardhi kwa mfumo wa ranchi za pamoja: hati moja, wanachama wengi, kamati moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaja kuchukua nafasi yake. Lakini katikati ya hapo ranchi nyingi ziligawanywa, kila mwanachama na kipande chake, na vipande vingine vikauzwa. Kimana yenyewe ilishagawanywa. Ukitazama dirishani unaona nyaya, nguzo, geti la bati, kisha nyaya tena.

Sina ugomvi na mtu anayetaka hati ya jina lake. Ila mvua ya nyika haifuati mipaka ya hati. Eneo hili la Amboseli hupata kama milimita 350 kwa mwaka, na hizo haziji kwa usawa: mwaka huu zinamwagika Mbirikani, kilomita ishirini mbele hakuna tone. Ng'ombe aliyekuwa akilifuata wingu sasa anakutana na waya. Kila nikifikiria wale wanaotushauri tugawane ranchi yetu, nawakumbuka ng'ombe niliowaona leo wamejipanga upande mmoja wa ua, nyasi ziko upande wa pili.

Sehemu kubwa ya ardhi iliyochoka imevamiwa na ipomea, kichaka chenye maua ya zambarau. Mgeni anaweza kukipiga picha. Ng'ombe hakili, na chini yake nyasi hazioti. Njia wanayoitumia ni kung'oa na mizizi yake kwa jembe kabla hakijatoa mbegu, kisha kupanda nyasi papo hapo, kwani ukiacha pengo kinarudi.

Kimana nilifika jioni. Ni mji wa nyanya na vitunguu, maji yakitoka chini ya Kilimanjaro, na hifadhi ya wanyama ya wananchi iliyofunguliwa mwaka 1996 iko jirani tu. Nililala hapo.

Jumatano. Kimana hadi Iltilal

Probox ya abiria ilijaa, barabara ni ya vumbi na mawe ya volkano. Hii ni njia ya kwenda Tsavo Magharibi. Iltilal iko katika ranchi ya pamoja iitwayo Kuku, ambako wafugaji, pamoja na mashirika mawili, Maasai Wilderness Conservation Trust na Justdiggit, wamekuwa wakirudisha nyasi kwa miaka zaidi ya kumi.

Kamati ya malisho ilikutana chini ya mgunga mkubwa nje ya mji. Niliwaamkia wazee, mwenyekiti akaitikia, "Marahaba, karibu Mtaita," na jina hilo likanibakia mpaka naondoka. Walitandika karatasi ya manila chini, wakaweka mawe pembeni isipeperuke. Juu yake walikuwa wamechora ardhi yao kwa kalamu za rangi: makazi na shule, malisho ya wakati wa mvua, olopololi, yaani sehemu inayofungwa ili ingojee kiangazi, maeneo madogo karibu na maboma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, na vilima, ambako mifugo haipandi ila kwa idhini.

Olopololi si jambo jipya. Wazee wa Kimasai walikuwa nalo kabla ya hati, kabla ya kamati. Lililoongezeka ni kuandikwa, kuchorwa, na kuwekewa vijana wa doria wanaotembea na kuandika daftarini hali ya nyasi. Sehemu hiyo haifunguliwi kwa kalenda. Vijana wanaleta habari, wanawake wanasema maziwa yamepungua kiasi gani, wazee wanapima, ndipo inafunguliwa, na wenye ng'ombe dhaifu wanatangulia. Anayeingiza mifugo kabla ya siku hiyo anatozwa faini ya mnyama, na anatozwa hadharani.

Niliwaeleza habari za lambo letu la tatu. Mwenyekiti alinyamaza, halafu akaniuliza, "Mnataka kulichimba wapi?" Nikamwambia: kule kaskazini ambako nyasi bado zipo. Wazee wakaangaliana.

"Mtaita," akasema, "nyasi zipo kule kwa sababu maji hayapo."

Nililala usiku nikiizungusha sentensi hiyo, na naomba kila mwanahisa aifikirie. Ng'ombe anakunywa lita 30 hadi 50 kwa siku. Akinywa kila siku, hawezi kwenda mbali na bomba. Akizoezwa kunywa siku moja na kuruka moja, kama wafanyavyo wachungaji wakati wa kiangazi, anafika malisho ya mbali zaidi. Kwa hiyo penye maji ndipo penye kwato. Ukichimba kisima katika malisho ya akiba, mwaka wa kwanza watu wanashukuru. Mwaka wa pili mtu anajenga boma, kisha wanafika jamaa zake, mbuzi wanabaki hapo mvua na kiangazi, na akiba imekwisha. Wameliona hilo kwao. Ndiyo maana mpango wao wa malisho ni mpango wa maji: bomba la birika la kunyweshea ng'ombe lililo karibu na olopololi lina kufuli, na ufunguo unakaa kwa kamati. Malisho hayawezi kufungwa mlango. Maji yanaweza.

Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na wenzake akaomba kusema. "Mkifunga bomba la ng'ombe mnanifungia na mimi. Maji ya kupikia nitayatoa wapi?" Aliongea kwa utulivu lakini hakuachia. Alisema ramani ina rangi ya ng'ombe, rangi ya tembo, rangi ya shule, na hakuna mahali imeonyesha mwanamke anapita wapi na mtungi wake. Mabishano yakawa marefu, mengine kwa Kimaa, kijana mmoja akinitafsiria sikioni. Mwishowe walikubaliana bomba la nyumbani litenganishwe na la birika, liwe na njia yake, na lisifungwe msimu wowote. Mama huyo aliletewa kalamu akachora mwenyewe.

Niliuliza kuhusu ukame uliopita. Misimu mitano mfululizo ilikosa mvua tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, na nchi nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Wazee hawakunidanganya kwamba mpango uliwaokoa. Mzee mmoja ng'ombe wake walikufa karibu wote. Alisema olopololi iliwapa majuma kadhaa tu zaidi ya jirani zao, na katika majuma hayo waliuza waliokuwa bado wanaweza kusimama, kabla bei haijaanguka kabisa. Kwa mfugaji, hayo si machache.

Alhamisi. Matuta

Siku nzima shambani. Mahali penyewe palikuwa uwanda mwekundu, mgumu, unaoteremka kidogo kuelekea mashariki. Ukigonga kwa kisigino unasikia mlio. Kwato na jua vimetengeneza ukoko juu ya ardhi, na mvua ikinyesha inateleza juu yake na kwenda zake, ikibeba udongo mzuri.

Matuta wanayochimba yana umbo la nusu duara. Kijana anapigilia kigingi, anafunga kamba ya mita mbili na nusu, mwenzake anashika ncha na kutembea akichora kwa fimbo upande wa mteremko wa chini tu. Umepata nusu duara yenye upana wa mita tano, mdomo wake ukitazama juu, maji yanakotoka. Wachimbaji wanaingia ndani yake kwa sururu, wanavunja ukoko, na udongo wote unatupwa kwenye ule mchoro uwe ukingo. Safu ya pili inachimbwa chini ya nafasi zilizoachwa na safu ya kwanza, ili maji yanayoponyoka kati ya matuta mawili yadakwe na la tatu. Kisha mbegu, kisha tawi la miiba juu yake kama yapo.

Kazi hii inafanywa na wanakijiji wenyewe, wanaume kwa wanawake, kwa ujira wa siku. Niliomba sururu. Kabla ya saa sita viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na mama mmoja wa umri wa shangazi yangu alikuwa ameniacha mbali.

Wakati wa chai nilifanya hesabu nyuma ya daftari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Mvua moja ya milimita 20, ambayo kwetu si ajabu, inaangusha lita 80,000 kwenye ekari moja. Kwa lita 40 kila mmoja, ni maji ya kunywesha ng'ombe 2,000 kwa siku, na yote yanatoka ranchi kwa nusu saa yakapite korongoni. Sisi tunabishana lambo la tatu lichimbwe wapi.

Mchana walinipeleka kwenye matuta ya miaka ya nyuma. Nyasi zimejaa ndani, zikatoka nje ya ukingo, na matuta mengine huwezi kuyatambua mpaka mguu uzame. Kulikuwa na mavi ya pundamilia kila mahali. Mwenyeji wangu alisema wanyamapori nao wanakula, na hilo linakubalika mpaka kiwango fulani, kisha vijana wa doria wanawasukuma.

Karibu na hapo ni shamba la akina mama la mbegu za nyasi. Limezungushiwa ua wa miiba. Wanakata vichwa vya nyasi kwa mkono vikikomaa, wanakausha kivulini, na majani yanayobaki wanayafunga marobota kwa sanduku la mbao lisilo na kitako: unajaza, unakanyaga, unafunga kamba, unainua sanduku. Robota na mbegu vyote vinauzwa. Nilisugua mbegu zao kiganjani, nikapuliza. Zilibaki punje nyingi.

Ijumaa. Mvua

Ilianza alfajiri, saa kumi hivi. Bati la nyumba niliyolala lililia kwa karibu saa nzima. Nje nilisikia watu wakiitana. Hakuna aliyekaa ndani.

Mwanga ulipotoka tulikwenda kwenye uwanda. Upande usiochimbwa maji mekundu yalikuwa bado yanashuka katika vijito vidogo, yakibeba mavi, majani na udongo. Upande wa matuta kila nusu duara lilikuwa limejaa hadi ukingoni, mamia ya madimbwi yaliyopangwa kwa safu. Mwenyeji wangu alichukua panga, akachoma ardhi. Upande wa wazi lilikwama: unyevu uliishia urefu wa kidole, chini yake vumbi kavu. Tulisogea kwenye tuta ambalo maji yalikuwa yameshaanza kupungua. Panga likazama lote hadi mpini.

Matuta machache yalikuwa yamepasuka, pale ambapo ukingo haukushindiliwa au ncha zake hazikulingana kwa urefu, maji yakatafuta upande mfupi. Vijana walikuwa wanayaziba kabla hata ya chai, kwa sababu mvua ya pili inaweza kuja usiku. Nimeandika hili kwa wenzangu wanaodhani tukishachimba tumemaliza.

Kufikia adhuhuri madimbwi mengi yalikuwa yameishia ardhini.

Jioni vijana wawili wenye ng'ombe walikuja kwa mwenyekiti. Wametoka mbali, ng'ombe mbavu nje, na habari za mvua zimewafikia. Waliomba kuingia. Mwenyekiti aliwapa maji, akawapa mahali pa kulala, akawaonyesha malisho ya wakati wa mvua. Olopololi akawakatalia. Nyasi hizi zina saa chache tu, alisema, ziacheni zizaliwe. Sikuona furaha usoni pake alipokataa, wala kwao. Mmoja wao ni wa ukoo wake.

Jumamosi. Chini ya Chyulu

Tulifika kwenye miguu ya vilima vya Chyulu kwa pikipiki. Vilima vile ni majivu na mawe ya volkano changa, na kwa urefu wake wote hakuna mto unaoshuka. Mvua na ukungu vinanyonywa na msitu na nyasi za juu, vinapotelea ndani. Moto na mkaa ndio maadui wakubwa hapa. Tuliona alama za tanuri moja la zamani. Mvua ikaturudisha mapema.

Jumapili. Tsavo Magharibi, chemchemi za Mzima

Nilipata nafasi kwenye gari la kukodi lililokuwa likielekea Mtito Andei, tukavuka uwanja wa mawe meusi ya volkano uitwao Shetani na kuingia kwa lango la Chyulu.

Maji yaliyopotelea Chyulu yanatokea Mzima, kilomita nyingi kutoka vilimani, yamechujwa na mawe mpaka unaona samaki kivulini mwa mitende na kiboko akitembea chini. Yanatoka zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Tangu miaka ya 1950 bomba linapeleka sehemu yake Mombasa, na sisi wa Taita Taveta tumekuwa tukidai mgao wa mapato kwa sababu chemchemi iko kaunti yetu huku vijiji vyetu vinanunua maji kwa mtungi. Dai hilo ni la haki na siliachi. Lakini baada ya wiki hii naona meza hiyo ina kiti kitupu. Mfugaji aliyemkatalia ndugu yake malisho, na jirani yake anayezuia mkaa Chyulu, wanalinda mahali maji yanapoanzia, na bili ya maji ya Mombasa haina senti yao. Tukidai mgao wetu, tudai na wao.

Kwenye mkutano ujao nitapendekeza mambo manne. Lambo la tatu lingoje. Malambo yaliyopo yazungushiwe ua, maji yatolewe kwa bomba hadi birika lenye kufuli, na bomba la nyumbani liwe peke yake. Sehemu ya kaskazini ifungwe kama akiba. Na uwanda ulio juu ya lambo la pili uchimbwe matuta kabla ya masika, tukinunua mbegu za mavuno ya mwaka jana.

Limebaki moja ambalo Iltilal hawakuwa na jibu lake, kwa sababu kwao halipo kwa namna hiyo. Ranchi yetu inakodisha malisho kwa wenye ng'ombe na ngamia wanaotoka kaunti nyingine, na kodi yao ndiyo inayolipa walinzi. Mkataba wao unataja idadi ya miezi na kiasi cha fedha, hautaji nyasi. Wachungaji wao hawakuwa kwenye mkutano wetu wa kwanza. Naomba waitwe kwenye wa pili, kabla hatujaichora hiyo ramani.